"Chora Tu, Fundi": Barua ya Wazi kwa Mameya na Madiwani wa Majiji Yetu

Waheshimiwa Mameya, Madiwani na Wakurugenzi wa majiji ya Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza, Tanga na Mbeya,

Shikamooni wakubwa zangu, na mlio wadogo kwangu hamjambo.

Mimi ni fundi wa mabango. Naandika vibao vya maduka, nachora ramani ya Afrika na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwenye kuta za shule za msingi, na kuliko kitu kingine chochote nachora Ngao ya Taifa, ile ambayo mitaani tunaiita Bibi na Bwana. Nimeichora hadi mkono umeizoea. Huwa naanza na mkuki, kwa sababu unasimama wima katikati na vingine vyote navipima kutoka kwake.

Nawaandikia kuhusu nembo za majiji yenu. Kilichonisukuma ni maneno matatu niliyoambiwa kwenye geti la halmashauri moja ambayo sitaitaja. Nilipewa kazi ya kuhamishia nembo yao ukutani kutoka kwenye karatasi ya barua, upana wa mita mbili. Kwenye karatasi ilikuwa ndogo kama kizibo cha soda. Upande wa kushoto palikuwa na kitu ambacho sikukielewa: huenda ni jani, huenda ni mwali wa moto, huenda ni samaki aliyesimama. Ukikuza kitu hadi mita mbili huwezi kubahatisha, lazima ujue unachora nini. Nikamuuliza afisa aliyenipa kazi. Akaitazama karatasi, akamuuliza mwenzake, mwenzake akampigia simu mwingine. Mwishowe akanirudishia karatasi yangu akasema, "Chora tu, fundi."

Nikachora jani. Mpaka leo liko pale, na wananchi wanapita chini yake kwenda kulipa kodi na kufuatilia viwanja.

Yule afisa simlaumu. Hakuna aliyemwambia, na aliyemtangulia naye hakuambiwa. Hivi ndivyo nembo inavyokufa ikiwa bado imebandikwa ukutani. Nimeona jambo hilo hilo likiitokea hata Ngao ya Taifa yenyewe. Miguuni kwa Bwana pana mkarafuu na miguuni kwa Bibi pana mpamba. Lakini nikienda shule ambayo ukuta wake ulichorwa na fundi mwingine, aliyenakili kwa fundi mwingine, nakuta karafuu imegeuka kuwa ua la bustani na pamba imekuwa kichaka kisicho na jina. Shule moja nilikuta shoka limekuwa nyundo. Mwalimu alikuwa amepita mbele ya ile nyundo kila asubuhi kwa miaka na hakuiona. Fundi anayenakili asichokijua atakosea kidogo, na atakayemfuata atakosea zaidi, hadi mwisho pabaki urembo tu.

Siku moja nilikuwa juu ya ngazi nikipaka yale mawimbi ya chini ya ngao, buluu na nyeupe, mtoto wa darasa la tatu akasimama chini yangu akauliza kama yale ni nyoka. Nikashuka. Nikamwambia ni maji: bahari, na maziwa yetu. Nikampandisha kwa macho sehemu baada ya sehemu. Ule wekundu ulio juu ya maji ni ardhi yenye rutuba, na shoka na jembe vilivyopishana ni zana za watu wanaoilima. Mkuki ni wa kulinda uhuru. Kisha bendera. Juu kabisa ni dhahabu, yaani madini yaliyomo ardhini, na mwenge unaowaka. Pembeni ni pembe za ndovu, zimeshikwa na mwanamume na mwanamke kwa pamoja, na wote wawili wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Alipoondoka alirudi na wenzake kama wanane, akaanza kuwaeleza yeye. Aliposahau kitu alinitazama, nami nikamwongezea. Ilinichukua dakika kumi tu za kazi, na sijawahi kupata malipo mazuri kuliko yale.

Ninasimulia haya kwa sababu ile ngao inabeba mengi na bado inasomeka, kwa kuwa kila kilichomo kina sababu yake. Kabla yake, enzi za Waingereza, bendera ya Tanganyika ilikuwa na kichwa cha twiga. Twiga ni mnyama mzuri na bado ni wetu, lakini kichwa kile hakikusema lolote kuhusu mtu anayeishi hapa, anachokilima wala anachokitamani. Ngao iliyofuata iliweka watu. Na mwenge haukuanzia kwenye mchoro. Mwalimu Nyerere alitamka mwaka 1959, kabla hatujajitawala, kwamba tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha mlimani kweli. Maneno yalitangulia, watu wakayatimiza kwa miguu yao, na mwenge ukapata mahali kwenye ngao. Kwa hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuueleza.

Sasa tazameni majiji yenu. Najua baadhi yana nembo zake, nimeziona kwenye barua na kwenye milango ya magari. Ombi langu ni kwamba kila jiji likae na wananchi wake liamue upya: nembo yetu inasema nini, nani anaijua, na kama haisemi kitu, tuweke nini? Nawasihi pia msiikimbilie kompyuta mapema. Nimeshaona michoro ya aina hiyo: ghorofa tatu za vioo, nusu duara la jua, na mstari uliopinda ambao unaweza kuwa barabara au mto. Mchoro kama huo unaweza kubandikwa kwenye jiji lolote duniani, na kwa hiyo si wa jiji lolote.

Wenzetu wa mbali wana mifano ya kujifunzia. Nembo ya Paris ina mashua, nayo ilitokana na wafanyabiashara wa majini waliokuwa wakisafirisha bidhaa kwenye mto Seine tangu zama za kati. Chini yake pana maneno ya Kilatini yanayosema kwamba inayumbishwa na mawimbi lakini haizami. Novemba 2015, jiji lile liliposhambuliwa na watu wengi wakauawa, wakazi waliandika maneno hayo hayo ukutani na kwenye mabango. Hawakuhitaji kutunga kitu kipya cha kujifariji, kilikuwa kwenye nembo yao siku zote. Amsterdam nayo ina misalaba mitatu myeupe iliyolala mshazari, na chini yake maneno matatu: ushujaa, uthabiti, huruma. Maneno hayo jiji lilipewa na Malkia Wilhelmina mwaka 1947. Sababu yake ni kwamba Februari 1941, chini ya utawala wa Wajerumani, wafanyakazi wa jiji hilo waligoma kupinga jinsi majirani zao Wayahudi walivyokuwa wakikamatwa. Neno huruma kwenye nembo ya jiji! Mimi nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Nembo ile inamkumbusha kila diwani anayeketi chini yake kile ambacho wakazi wa kawaida waliwahi kuthubutu kufanya.

Kwetu pia mambo ya namna hiyo yapo tele. Nianze na Dodoma, kwa sababu Dodoma ina hadithi mbili na zote ni nzuri. Ya kwanza ni ya tembo aliyeshuka kunywa maji kwenye kijito, akanasa matopeni, akadidimia, na mahali pale Wagogo wakapaita kwa neno lao la kuzama. Ya pili ni ya watu walioiba ng'ombe wa jirani, wakawala, wakabakiza mikia. Wenye mifugo walipokuja kuuliza, wakaonyeshwa mikia iliyochomekwa kwenye matope: tazameni, ng'ombe wenu wamezama. Mzee akikusimulia hii ya pili huwezi kuisahau maisha yako yote. Mji ule ulichaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, ukasubiri miongo mingi hadi Serikali ilipohamia kweli, na tarehe 26 Aprili 2018 ukapewa hadhi ya jiji. Ningekuwa mimi, ningemweka tembo, lakini akiwa anatoka matopeni, mguu mmoja umeshakanyaga pakavu. Nusu karne ya kusubiri ingekuwamo katika mguu ule mmoja. Zabibu zingezunguka ngao, kwani huwezi kuitaja Dodoma ukaacha zabibu.

Tanga ndiyo inayonigusa zaidi. Kila mtu atasema mkonge, na ni kweli. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 likatoka zao lililoifanya Tanganyika kuongoza duniani. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000. Lakini mkono wa mchoraji hauwezi kuchora mkonge bila kujiuliza nani aliukata. Walioukata walikuwa manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu waliandikiwa namba. Walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wengi hawakurudi kwao, na wajukuu zao ndio wanaowapigia kura leo. Nembo ya Tanga yenye mkonge peke yake ni nembo ya shamba. Ikiwa na mkonge na mkono ulioshika panga la kukatia, ni nembo ya watu. Na kama nafasi ni ndogo, basi mkono pekee, halafu majani ya mkonge yatoke nyuma yake kama miali. Madiwani wa Tanga, nawaomba mlijadili hili mkiwa na wazee wa kambi za zamani, maana wao wanajua panga lile lilishikwaje. Mimi naweza kulikosea.

Mwanza ina mawe, na mtoto yeyote wa Mwanza atachora yale mawe yaliyobebana juu ya maji. Tatizo ni samaki. Mtu wa haraka ataweka sangara, kwa sababu ndiye anayejaza viwanda. Lakini sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kuzidi kwake kulichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu waliokuwa humo kabla yake. Kumweka kwenye ngao ni kumpa heshima aliyemla mwenyeji. Mwekeni sato, au mwekeni furu ili watoto waulize ni nani huyu. Hilo ni langu, wavuvi wanaweza kunipinga na wakanishinda.

Arusha ina Mlima Meru na ina Azimio la 1967, na sidhani kama kuna haja ya kutafuta mbali. Mbeya ina milima yake na ina reli ya TAZARA inayokatiza kwenda Zambia, lakini sitajifanya naijua Mbeya kuliko wenyeji wake.

Dar es Salaam nimeiweka mwisho kwa makusudi. Wengi tutafikiria bandari, na jina lenyewe tunalifasiri hivyo, bandari ya salama. Kabla ya Sultani Majid kuanza kujenga miaka ya 1860, palikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi. Lakini nataka mnifuate hadi kwenye Sanamu ya Askari, pale mjini katikati. Mahali pale Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walimwondoa, na mwaka 1927 wakaweka askari Mwafrika mwenye bunduki, kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Someni maandishi yaliyo chini yake, yapo na kwa Kiswahili. Hayawataji askari peke yao, yanawataja pia wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno yanamtaja mpagazi, sanamu haimwonyeshi. Walioikokota vita ile vichwani mwao, na waliokufa kwa njaa na maradhi njiani, wamebaki kwenye herufi tu.

Na bado jiji halikuwasahau, maana jina lao tunalitamka kila siku. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ilivyotamkwa na wakazi hadi ikawa yetu. Kila anayesema anashuka Kariakoo anawataja wapagazi bila kujua. Nikipita pale alfajiri nawaona wachukuzi wameinama chini ya marobota, shingo imekaza, jasho linadondokea kwenye lami, wakipiga kelele wapishwe. Waheshimiwa wa Dar es Salaam, hamna haja ya ghorofa kwenye nembo yenu. Wekeni mtu mwenye mzigo kichwani, na nyuma yake mstari mmoja wa maji. Ndani yake watakuwamo mpagazi wa 1916, kuli wa bandarini na mama anayebeba beseni la samaki kutoka Feri.

Sasa nizungumze kifundi, maana hapo ndipo ninapojua. Nembo nzuri mtu anaweza kuichora kwa kijiti mchangani na mwenzake akaitambua. Ikishindwa hapo, itashindwa kila mahali. Jaribu la pili ni mhuri. Mhuri ni mdogo na wino husambaa, mistari miwili iliyokaribiana inakuwa mmoja, na mbegu ya karafuu inakuwa doa. Kwa hiyo vitu visizidi vitatu au vinne. Ngao ya Taifa inaweza kubeba vingi kwa sababu ni ya nchi nzima na watoto wanafundishwa shuleni, wakati nembo ya jiji itaonekana zaidi kwenye risiti, kwenye ubavu wa gari la taka na kwenye fulana za wafagizi wa barabara. Wafagizi hao waulizwe pia wanataka kubeba nini mgongoni.

Halafu iandikwe. Hapa ndipo ninapowaomba kwa moyo wote. Mwaka 2017 magazeti na televisheni zilituonyesha mzee mgonjwa wa Buguruni, Francis Kanyasu, ambaye wengi tulimjua kwa jina la Mzee Ngosha. Alikuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyeichora Ngao ya Taifa. Alifariki Mei mwaka huo huo. Wapo wengine ambao nao wametajwa kuwa wachoraji wake, na mimi si mwamuzi wa hilo. Kinachoniuma ni kwamba mzee alilazimika kuyasema hayo akiwa kitandani, na wengine kulazimika kubishana naye. Karatasi moja yenye majina, tarehe na sahihi, iliyotunzwa vizuri, ingemaliza ubishi huo. Sisi mafundi tunajua kwamba kazi zetu zitafifia kwa jua na mvua, na hatuombi zaidi ya jina kuandikwa mahali pasipofika mvua. Basi jiji litakapopata nembo, muhtasari wa kikao cha Baraza la Madiwani ueleze kila kilichomo na sababu yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, utaje aliyechora hata kama ni mwanafunzi wa sekondari aliyeshinda shindano, na utaje wazee waliotoa hadithi. Nakala iende ofisi za mitaa yote na shule zote. Kwenye geti, chini ya nembo, kiwekwe kibao kidogo cha maelezo. Mstari mmoja kwa kila alama unatosha. Kibao cha namna hiyo naweza kukiandika kwa siku moja.

Na kuna jambo moja linalofuata ambalo siwezi kuliacha. Mkiweka maji kwenye ngao, watu watawauliza kuhusu maji. Mkiweka mchukuzi, mgambo atakayemfukuza mchukuzi barabarani atakuwa amevaa picha ya mchukuzi begani, na mtu atamwonyesha kwa kidole. Nadhani hii ndiyo sababu baadhi ya ofisi hupenda alama zisizosema kitu, kwa kuwa alama isiyosema kitu haiwezi kumdai mtu. Nawaomba mkubali kudaiwa.

Lile geti nililosimulia mwanzoni, ukuta wake unapigwa na jua la mchana na rangi imeshaanza kubanduka. Najua wataniita kupaka upya, maana ndivyo kazi zetu zinavyokwenda. Nitaegemeza ngazi, nitapiga miraba ukutani kwa uzi na chaki, na kabla sijafungua kopo la rangi ya kijani nitauliza tena: hiki cha kushoto ni nini?

Wenu mtiifu,

Fundi wa mabango na kuta za shule